Namna ya Kuipeleka Programu ya Usimamizi wa Michakato ya Kazi Katika Soko la Nje

Kila baada ya wiki chache hunifikia maswali yale yale kutoka kwa watengenezaji wa programu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala: tuanze na nchi ipi, tutafsiri kwa lugha ngapi, data ikae wapi, na bei tuitaje kwa sarafu gani. Nimeona ni afadhali niyajibu kwa pamoja na kwa mpangilio, nikimlenga mtu ambaye tayari ana programu inayofanya kazi nyumbani na sasa anataka kuiuza nje ya mipaka.

Programu ninayoizungumzia ni ile inayolipitisha ombi kutoka meza moja hadi nyingine: ombi la masurufu (fedha anazopewa mtumishi kwa kazi au safari ili azitolee hesabu baadaye), la likizo, la ununuzi, la kusajili mzabuni, na mengineyo ambayo zamani yalitoka masijala ndani ya jalada yakiwa na dokezo juu yake. Ugumu wake, ukiilinganisha na programu ya kutuma ujumbe au ya kuhariri picha, ni kwamba imebeba mazoea ya ofisi ilikozaliwa: nani anaidhinisha, nani anaarifiwa tu, ofisi inafungwa siku gani, na hati ipi haitambuliwi bila muhuri. Mazoea hayo ndiyo yanayokwama mpakani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuyatenganisha mazoea ya nchi na msimbo wa programu, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiendesha, na ni sehemu ndogo tu inayohusu kuuza.

Mfano nitakaourudia ni wa kampuni ya Dar es Salaam inayotaka kuingia Muscat. Wengi huichagua Oman kwa sababu familia nyingi za huko zenye mizizi Zanzibar na mwambao huzungumza Kiswahili, nao hudhani lugha hiyo itawafungulia milango yote. Itakufungulia mlango wa sebuleni, na hilo si jambo dogo. Lakini mikataba na nyaraka za ofisini utazikuta kwa Kiarabu na Kiingereza.

Mahitaji kabla ya kuanza

Usianze hatua ya kwanza kabla hujawa na vitu hivi:

- Wateja wasiopungua watatu wa nyumbani wanaolipa, na wanaoitumia programu bila wewe kwenda ofisini kwao kila wiki. Kama nyumbani bado unashinda kwa mteja ukimshika mkono, nje hutaweza.
- Michoro ya michakato yako katika BPMN 2.0, kiwango cha kuchorea michakato ya kazi kilichotolewa na shirika la Object Management Group mwaka 2011 na ambacho baadaye kilikubaliwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, kwa namba 19510. Mchoro wa namna hiyo unasomeka na mchambuzi wa Muscat kama unavyosomeka na wa Dodoma.
- Mazingira ya majaribio yaliyo mbali na data ya wateja halisi.
- Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ofisini katika nchi unayoikusudia, hata kama si mtaalamu wa kompyuta. Karani mstaafu wa manunuzi atakufaa kuliko mhandisi asiyewahi kusubiri saini ya mkuu wa idara.
- Mwanasheria na mshauri wa kodi wa nchi hiyo, hata kwa saa chache za kulipia.
- Fedha za kuendesha kampuni kwa mwaka mmoja bila kutegemea senti kutoka soko jipya.

Hatua ya 1: Chagua nchi moja na mchakato mmoja

Tovuti yenye bendera za nchi kumi na mbili haimshawishi mteja yeyote. Chagua nchi moja, kisha ndani yake mchakato mmoja unaowaumiza watu wengi, kwa mfano uidhinishaji wa ununuzi katika kampuni za ujenzi. Sababu ni kwamba mteja wa nje hakujui, na hatakukabidhi mfumo mzima wa ofisi yake; atakujaribu kwa jambo moja ambalo likiharibika halitamfukuzisha kazi.

Waliotangulia wameonyesha njia mbili zinazofaa kuigwa. Bizagi, iliyoanzia Colombia, ilitoa bure chombo chake cha kuchorea michakato, na watu wa nchi nyingi wakaizoea kabla ya kununua chochote. Camunda ya Berlin ilianza kama kampuni ya ushauri wa michakato, na ndipo baadaye ikaja na programu yake. Njia ya pili ndiyo ninayoipendelea kwa kampuni ndogo, kwa kuwa malipo ya ushauri yanakulisha wakati unajifunza ofisi za watu.

Hatua ya 2: Uchore mchakato upya pamoja na watu wa huko

Usipeleke mchoro wa nyumbani na kuuliza kama unafaa. Utaambiwa unafaa, kwa adabu tu. Keti na watu watatu wa ngazi tofauti, yaani anayeomba, anayeidhinisha na anayelipa, kila mmoja peke yake, na umwombe akusimulie ombi la mwisho alilolishughulikia tangu lilipoanza hadi lilipofungwa. Tofauti kati ya simulizi hizo tatu ndiyo mchakato wenyewe.

Uliza hasa mambo haya: mwenye mamlaka akisafiri, nani anakaimu na kwa kiwango gani cha fedha; ombi likikataliwa, linarudi kwa mwombaji au kwa aliyelipitisha kabla yake; na kuna mtu gani ambaye hayumo kwenye muundo rasmi lakini hakuna kinachopita bila yeye kujua. Mtu huyo wa mwisho yupo karibu kila ofisi, na programu isiyompa nafasi, hata ya kuarifiwa tu, itapata upinzani ambao hutajua unatoka wapi.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kutaka kumrekebisha mteja. Unaona saini saba pale ambapo mbili zingetosha, na ulimi unakuwasha. Ziweke zote saba kwanza. Baada ya miezi mitatu programu yenyewe itaonyesha ni meza ipi inayolaza maombi kwa siku nne, na mteja atakuja mwenyewe kuuliza kama inaweza kuondolewa.

Hatua ya 3: Toa mazoea ya nchi ndani ya msimbo

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Pitia msimbo mzima ukitafuta kila kitu ambacho ni kweli kwa sababu tu uko Tanzania, kisha ukihamishie kwenye mipangilio ambayo mteja anaweza kuibadilisha mwenyewe.

Anza na kalenda. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi tangu Mei 2013; kabla ya hapo ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili mwezi Januari 2022, huku Ijumaa ikiwa nusu siku kwa ofisi za serikali. Kwa hiyo hata ndani ya Ghuba huwezi kuwa na jibu moja. Sisi wenyewe tulipomwekea programu mteja wetu wa kwanza wa huko, mapumziko ya Jumamosi na Jumapili yalikuwa yameandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo. Ombi lililoingia Alhamisi mchana lilihesabiwa kuwa limechelewa ilipofika Ijumaa, likapandishwa kwa mkurugenzi wakati meneja yumo msikitini. Na Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kwanza ya kazi, mfumo ukalala usingizi kama walinzi wa usiku. Tulisamehewa, lakini ilichukua muda.

Sikukuu nazo zisiandikwe mapema kwa mwaka mzima kana kwamba zinajulikana. Idi el-Fitri hutegemea kuandama kwa mwezi na hutangazwa usiku wa kuamkia, hivyo msimamizi wa mfumo kwa mteja lazima aweze kuongeza siku ya mapumziko kwa kubonyeza mara moja, na muda wa mwisho wa maombi yote yaliyo wazi ujihesabu upya. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupungua. Sheria ya kazi ya Oman huwawekea wafanyakazi Waislamu saa sita kwa siku. Mfumo unaohesabu saa nane utawaonyesha watu wote kuwa wazembe kwa mwezi mzima.

Kisha sarafu. Katika kiwango cha sarafu cha ISO 4217, shilingi ya Tanzania ina tarakimu mbili baada ya nukta, shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda hazina hata moja, na rial ya Oman ina tatu kwa kuwa imegawanyika katika baisa 1,000. Programu inayokata kila kiasi hadi tarakimu mbili itageuza 12.345 kuwa 12.35 au 12.34, na mhasibu atagundua tofauti hiyo siku ya kwanza. Hifadhi kiasi pamoja na msimbo wa sarafu yake, na usihifadhi kamwe namba peke yake.

Saa zihifadhiwe kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na zionyeshwe kwa saa za mtumiaji. Ukienda Kongo utakuta Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja ndani ya nchi moja. Hapa pia niwakumbushe wenzangu jambo la nyumbani: ukiandika katika barua ya maelekezo kwamba mafunzo yanaanza saa 4 asubuhi, mzaliwa wa mwambao atafika saa 10:00 ya kimataifa na Mjerumani atakuwa amekusubiri tangu alfajiri.

Majina ya watu yasilazimishwe kuingia katika visanduku viwili vya jina la kwanza na la ukoo. Jina la Mwomani lenye "bin" au "bint" katikati na nasaba mwishoni halikatiki hivyo. Kisanduku kimoja kirefu cha jina kamili kinatosha.

Hatua ya 4: Ishughulikie lugha kama kazi ya uhandisi

Mwandishi wa Kiswahili ana faida ambayo mara nyingi haioni. Anajua kwamba huwezi kuunganisha neno lolote na "imeidhinishwa": ombi limeidhinishwa, cheti kimeidhinishwa, masurufu yameidhinishwa, mkataba umeidhinishwa. Programu nyingi huunda ujumbe kwa kubandika jina la hati mbele ya kitenzi, na matokeo yake ni "Ombi imeidhinishwa", ambayo tumeizoea hadi hatuishtukii. Kila ujumbe uandikwe kama sentensi nzima inayojitegemea. Ukifanya hivyo kwa Kiswahili, tayari umetatua nusu ya tatizo la Kifaransa na Kiarabu.

Nusu iliyobaki ya Kiarabu ina mambo manne. Kwanza, wingi: kanuni za Unicode, kiwango cha maandishi ya kompyuta, zinakitambua Kiarabu kuwa na maumbo sita ya idadi, hivyo "maombi 2", "maombi 3" na "maombi 11" yanahitaji sentensi tofauti. Pili, mwelekeo: ukurasa mzima hugeuka, pamoja na mishale, orodha na mchoro wa mchakato, ambao mtumiaji atatarajia uanzie kulia. Tatu, maandishi mchanganyiko, ambapo namba ya ankara yenye herufi za Kilatini inaweza kuvurugika ikiwa katikati ya sentensi ya Kiarabu. Nne, hati za PDF: kiolesura, yaani kile mtumiaji anachokiona kwenye skrini, kinaweza kuwa safi huku hati iliyochapishwa ikitoka na herufi zilizoachana na kusomeka kinyumenyume. Chapa karatasi halisi uione kwa macho.

Tafsiri ya maneno ya kazi impe mtu wa ofisi na si mtafsiri pekee. "Masurufu" yana maana yake mahususi kwa mhasibu wa Tanzania, na kila nchi ina neno la namna hiyo ambalo kamusi haitakupa.

Hatua ya 5: Amua data itakaa wapi kabla ya kuulizwa

Anza na sheria ya kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019. Ukiwaweka wateja wa nchi mbili katika hifadhidata moja, umejifunga kwa masharti ya pande zote mbili.

Kisha tazama nchi unayokwenda. Oman ina sheria yake iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 6 ya 2022. Rwanda, kwa sheria namba 058 ya 2021, inataka taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa kwa mwenye cheti kinachomruhusu kuzihifadhi nje. Ukilenga Umoja wa Ulaya, kanuni yake ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutekelezwa tarehe 25 Mei 2018 itakugusa hata ukiwa Mikocheni, na mteja atakutaka utie saini mkataba wa uchakataji wa data unaotajwa katika kifungu cha 28, ukiorodhesha kila kampuni nyingine inayoigusa data hiyo, kuanzia anayekukodishia seva hadi anayekutumia barua pepe.

Kwa upande wa seva, wakodishaji wakubwa wana vituo Cape Town, Johannesburg, Bahrain na Falme za Kiarabu, kwa hiyo hulazimiki tena kuipeleka data Ulaya. Ushauri wangu ni kutenga hifadhidata ya kila nchi tangu mwanzo, hata kama una mteja mmoja tu huko. Kuzitenganisha baadaye, mfumo ukiwa unatumika, ni kazi ya miezi.

Andaa pia majibu ya maandishi kuhusu usalama: nani anaweza kuiona data, chelezo (nakala za akiba) hufanywa mara ngapi, na mfanyakazi akiondoka ruhusa zake hufungwaje. Wateja wakubwa watauliza kama una cheti cha usalama wa taarifa cha ISO 27001. Kutokuwa nacho si mwisho wa safari. Kutokuwa na majibu ndiko kunakoizima.

Hatua ya 6: Jua programu yako itagusana na mifumo gani

Mchakato wa ununuzi huishia kwenye ankara, na ankara huishia kwa mamlaka ya mapato. Kila mamlaka ina mfumo wake wa ankara za kielektroniki: Uganda ina EFRIS, Kenya ina eTIMS, Rwanda ina EBM, na Saudi Arabia ilianza ankara zake za kielektroniki Desemba 2021. Usiahidi kuunganisha na mfumo wowote kabla ya kusoma masharti yake ya kiufundi.

Saini nazo zinatofautiana. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya eIDAS, unatambua ngazi tatu za saini ya kielektroniki, na ile ya juu kabisa ndiyo yenye nguvu sawa na ya mkono. Kitufe chako cha "Idhinisha" kinatosha kwa likizo; kwa mkataba wa kazi au wa mkopo muulize mwanasheria uliyemlipa.

Hatua ya 7: Panga bei na mkataba

Epuka bei ya kila mtumiaji katika soko la idhini. Mteja anayelipia kila jina atawafanya watu watano watumie nywila moja, na hapo kumbukumbu za ukaguzi, ambazo ndizo sababu ya yeye kununua, hazina maana tena. Toza kwa mchakato au kwa idadi ya maombi kwa mwezi.

Usisahau kodi ya zuio. Oman hukata asilimia 10 kwenye malipo yanayokwenda kwa kampuni ya nje kwa matumizi ya programu na huduma. Mkataba usiposema nani anaibeba, utatarajia 1,000 na kupokea 900, na baada ya hapo benki nazo zitachukua chao njiani. Eleza pia katika mkataba lugha ipi inatawala tafsiri mbili zikigongana, na mteja atapewa data yake kwa muundo gani akiondoka.

Hatua ya 8: Mpate mshirika, kisha jaribu na mteja mmoja

Mshirika mzuri ni kampuni ya huko inayotoa huduma ya kompyuta kwa ofisi za ukubwa unaoulenga, na ambayo simu yake hupokelewa. Usimpe haki ya pekee ya nchi nzima kwa mkataba wa kwanza. Mpe sekta moja kwa mwaka mmoja, ukiwa na kiwango cha mauzo kilichoandikwa. Mjomba wa rafiki yako anayewajua watu wote mjini ni wa kukutambulisha, si wa kukuuzia.

Jaribio lidumu siku 90, liwe la kulipia japo kidogo, na liwe na kipimo kimoja kilichokubaliwa kabla: kwa mfano, ombi la ununuzi linalochukua siku tisa lichukue nne. Pima hizo siku tisa wewe mwenyewe kabla ya kuwasha programu, maana baada ya kuwasha hakuna atakayekumbuka hali ilikuwaje.

Mambo yakikwama

*Watu wanaendelea kutumia karatasi sambamba na mfumo.* Tafuta ni nani anayedai karatasi. Mara nyingi ni mkaguzi au benki, na dawa yake ni hati iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo yenye majina, tarehe na saa za kila aliyeidhinisha.

*Maombi yanakwama kwa mkubwa mmoja.* Huenda haingii kabisa kwenye mfumo. Mwezeshe kuidhinisha kupitia barua pepe au simu, na umwonyeshe namna ya kumkaimisha msaidizi wake rasmi, kabla hajampa nywila yake.

*Mfumo ni mzito kwao ilhali kwako ni mwepesi.* Pima ukiwa kwenye mtandao wao. Kama seva iko mbali, punguza idadi ya safari ambazo ukurasa mmoja hufanya kwenda na kurudi kabla ya kufikiria kuhama.

*Mteja anaomba mabadiliko kila wiki.* Yagawe katika makundi mawili: yale ya mipangilio, ambayo afundishwe kuyafanya mwenyewe, na yale ya msimbo, ambayo yasubiri toleo la kila robo mwaka. Ukikubali kumtengenezea tawi lake la msimbo, mteja wa pili atakukuta unaendesha programu mbili.

*Jaribio limekwisha na hakuna anayesema ndiyo wala hapana.* Rudi kwa mtu anayelipa, yule wa tatu uliyeketi naye katika hatua ya pili, ukiwa na siku tisa zako za mwanzo na idadi ya siku za sasa kwenye ukurasa mmoja, na umuulize tarehe ambayo bajeti ya mwaka ujao inafungwa.